Atomu 22 tu: rekodi za dopamini, ubongo na maisha ya kundi

Redioni na kwenye simu wanaiita "homoni ya furaha". Jina hilo linaipunja. Dopamini ni kemikali ambayo seli za ubongo hutumia kupelekeana habari, na kila palipo na kujifunza, kutamani, kusogeza mkono au kumng'ang'ania mwenza, utaikuta hapo. Hizi hapa rekodi zake, pamoja na za wanyama na watafiti waliotufunulia siri zake, na mwishoni za wanyama wanaoishi kwa makundi.

1. Aliyekaa benchi muda mrefu zaidi

Molekuli ya dopamini ina atomu 22: kaboni 8, haidrojeni 11, oksijeni 2 na naitrojeni 1. Ni Simba na Yanga wakiwa wote uwanjani, ukimtoa refa. Himoglobini, inayobeba oksijeni kwenye damu, ina atomu zaidi ya 9,000. Lakini medali ya udogo dopamini haipati, kwa sababu glisini, mjumbe mwingine wa ubongo, ana atomu 10 tu.

Medali yake ni ya kusubiri. Ilitengenezwa maabara London mwaka 1910, kisha ikachukuliwa kuwa malighafi tu ya kutengenezea kemikali nyingine za mwili. Mwaka 1957 Arvid Carlsson, Mswidi, akaanza kuonyesha kwamba ina kazi yake yenyewe kichwani. Miaka 47 benchi! Carlsson naye alisubiri: Tuzo ya Nobel ilimfikia mwaka 2000, miaka 43 baadaye, akiwa na umri wa miaka 77.

2. Wachache mno, wenye sauti kubwa mno

Ubongo wa binadamu una seli za neva bilioni 86 hivi. Zamani vitabu viliandika bilioni 100, hadi mwaka 2009 Suzana Herculano-Houzel wa Brazili na wenzake walipozihesabu kwa njia ya ajabu: walisaga ubongo ukawa supu, kisha wakahesabu viini vya seli ndani ya supu hiyo. Seli bilioni 14 zikafutwa kwenye vitabu, idadi inayozidi watu wote walio hai duniani.

Sasa pima. Sensa ya Tanzania ya mwaka 2022 ilipata watu 61,741,120. Ili kufikisha bilioni 86 unahitaji Tanzania 1,390 hivi. Na kati ya umati huo, seli zinazotengeneza dopamini katika ubongo wa kati ni kama 400,000 hadi 600,000. Sensa hiyohiyo iliikuta Pemba na watu 543,441. Kwa hiyo umati wa Tanzania 1,390 unasikiliza kituo kimoja cha redio, na watangazaji wake ni watu wa Pemba peke yao.

Kwa uchache wa kichwa kwa kichwa, bingwa ni mnyoo *C. elegans*, mwenye urefu wa milimita moja. Ana seli za neva 302, na za dopamini ni 8. Hazijazi hata matatu ya abiria 14. Ila ukienda kwa asilimia mnyoo anatugaragaza, maana kwake karibu seli 3 katika kila 100 ni za dopamini, na kwetu hazifiki moja katika kila 100,000.

3. Waya mrefu mno uliokunjwa pahali padogo mno

Wachache hawa wanasikikaje na wote? Kwa matawi. Watafiti wa Oxford walikadiria mwaka 2012 kwamba seli moja ya dopamini ya binadamu, ukiunyoosha mkia wake pamoja na matawi yote, inafika mita 4.5 hivi. Huo ni urefu wa Toyota Noah, na seli yenyewe huioni kwa macho! Ziunge mikia seli 500,000 za kipimo hicho na utapata kilomita 2,250, kutoka Dar es Salaam hadi Mwanza na kurudi kwa barabara, zote zikiwa ndani ya fuvu moja.

Kwenye matawi hayo seli moja ina sinapsi, yaani sehemu za kupitishia ujumbe, kati ya milioni 1 na milioni 2.4. Mombasa ilikuwa na watu 1,208,333 katika sensa ya 2019. Seli moja basi ina wasikilizaji wa kuijaza Mombasa, na ikijitahidi inajaza Mombasa mbili. Seli ya kawaida ya gamba la ubongo ina sinapsi elfu kadhaa, wasikilizaji wa kijiji kikubwa.

Ubingwa huu una bili yake. Mtandao mkubwa hivyo unakula nishati usiku na mchana, na watafiti hao wa Oxford wanaona hapo ndipo inapotoka sababu mojawapo ya seli hizi kufa mapema katika ugonjwa wa Parkinson.

4. Mwenye kasi kuliko wote

Ferdinand Omanyala alikimbia mita 100 kwa sekunde 9.77 Kasarani, Septemba 2021, na kuweka rekodi ya Afrika. Mpe milisekunde 100 akiwa katika mwendo na atakuwa amesonga mita moja hivi. Ndani ya muda huohuo seli ya dopamini imekwisha kuona zawadi na kupiga kelele, kwa kuwa mlipuko wake huanza milisekunde 70 hadi 100 baada ya tukio na hauchukui hata milisekunde 200 kuisha. Kwa sheria za riadha, anayeondoka kabla ya milisekunde 100 kutimia tangu bunduki ilie ameanza vibaya. Seli nyingi za dopamini zingetolewa nje ya mashindano.

Na kelele hizo zinasema nini? Hapa ndipo penye ushindi mkubwa kuliko wote katika orodha hii. Wolfram Schultz, akifanya kazi Fribourg nchini Uswisi, alirekodi seli za kima waliokuwa wakipewa matone ya juisi. Mwanzoni seli zililipuka juisi ilipofika. Kisha akawa anawasha taa kabla ya juisi. Kima alipozoea, seli zililipuka taa ilipowaka, na juisi yenyewe ilipofika zikakaa kimya. Taa ikiwaka na juisi isije, seli zilinyamaza kabisa katika ile nukta ambayo juisi ilitarajiwa.

Kwa hiyo seli haihesabu juisi. Inahesabu tofauti kati ya ilichotarajia na ilichopata. Mshahara wa mwisho wa mwezi hauishtui, lakini deni ulilokwisha kulisamehe likilipwa Jumanne mchana, hapo italia.

Mwaka 1997 Schultz, Peter Dayan na Read Montague walionyesha kwamba hesabu hiyo inafanana na kanuni ambayo Richard Sutton na Andrew Barto walikuwa wameitunga kwa ajili ya kufundisha kompyuta. Kanuni ya mashine ilikuwa imekwisha kutumika vichwani mwa kima tangu zamani, bila mtu kujua. Mwaka 2017 Schultz, Dayan na Ray Dolan waligawana Tuzo ya Ubongo ya euro milioni 1. Sutton na Barto nao wakapata Tuzo ya Turing ya mwaka 2024, dola milioni 1. Sijui hesabu nyingine ya kujumlisha na kutoa iliyolipwa mara mbili kwa bei hiyo.

5. Mbonyezaji hodari zaidi

Montreal, Chuo Kikuu cha McGill. James Olds na Peter Milner waliweka waya mwembamba ndani ya ubongo wa panya, wakamwachia kitufe: akibonyeza, umeme kidogo unapita. Matokeo yalichapishwa mwaka 1954, na majaribio yaliyofuata yakatoa panya waliobonyeza zaidi ya mara 2,000 kwa saa, kwa saa 24 mfululizo. Ni mara moja katika kila sekunde mbili. Kwa dakika 90 za mpira, panya mmoja angekuwa amebonyeza mara 3,000, na wakati mashabiki wanatoka uwanjani bado anaendelea.

Watu wakasema: kitovu cha raha kimepatikana, na dopamini ndiyo raha yenyewe. Kisha akaja Kent Berridge wa Michigan na panya walioweka rekodi ya kinyume, ile ya hasara. Karibu asilimia 99 ya dopamini katika sehemu za zawadi za ubongo wao iliharibiwa. Hawakufuata tena chakula, na wangekufa njaa kikiwa mbele yao wasingelishwa. Lakini sukari ilipodondoshwa mdomoni, walijilamba midomo kama panya wazima! Utamu waliusikia vilevile. Kilichokosekana ni hamu ya kuinuka kuufuata. "Homoni ya furaha" ilipigwa bao hapo, na sijaona bado ikisawazisha.

6. Mruko mkubwa zaidi, na magari yanayokimbizana nao

Mwaka 1988, Cagliari nchini Italia, Gaetano Di Chiara na Assunta Imperato walipima dopamini ndani ya ubongo wa panya walio macho. Amfetamini iliipandisha hadi karibu mara kumi ya kiwango cha kawaida. Vipimo vya chakula kitamu kwa panya huonyesha ongezeko la nusu hivi. Ikiwa kawaida ni ghorofa ya kwanza, chakula kinakupandisha nusu ya ngazi na amfetamini inakuweka ghorofa ya kumi.

Binamu wa amfetamini anaota Meru. Kathinoni, iliyotambuliwa mwaka 1975 katika maabara ya Umoja wa Mataifa, ndiyo nguvu ya miraa, na inatoa dopamini kwa njia ileile ingawa kwa unyonge zaidi. Udhaifu wake mwingine ni muda. Jani likinyauka kathinoni inavunjika, na baada ya siku mbili hivi kilichobaki ni kemikali dhaifu zaidi. Ndiyo sababu vifungu vya miraa hufungwa kwa majani ya mgomba visikauke, na ndiyo sababu magari ya miraa yanayotoka Maua kwenda Nairobi yana sifa ya kutompisha mtu barabarani. Dereva yule anashindana na kemia. Kenya biashara hiyo ni halali. Ukivuka kuingia Tanzania, jina ni mirungi na ni dawa ya kulevya kisheria.

7. Kuganda kwa muda mrefu zaidi

Sungura wa Carlsson waliganda kwa muda mfupi. Aliwapa dawa ya reserpini, wakalegea wasiweze kusogea. Alipowachoma levodopa, ambayo ubongo huigeuza kuwa dopamini, waliinuka ndani ya dakika chache.

Binadamu waliganda kwa miongo. Baada ya mlipuko wa ugonjwa wa usingizi ulioenea duniani kuanzia 1916 hivi hadi miaka ya 1920 (si malale ya mbung'o, huu ni mwingine), baadhi ya walionusurika walibaki kama sanamu. Mwaka 1969 Oliver Sacks aliwapa levodopa wagonjwa wa hospitali ya Beth Abraham, Bronx, New York. Wengine walikuwa wameganda zaidi ya miaka 40. Mtoto aliyezaliwa siku ya kuganda kwao angekuwa na umri wa kuwa babu. Waliamka, wakasema, wakatembea. Kwa wengi nafuu haikudumu, na madhara ya dawa yalikuwa makali.

Levodopa hiyohiyo imejaa kwenye mbegu za upupu. Ndiyo, upupu huohuo unaomwasha mtu hadi anavua shati. Mbegu zake kavu zina levodopa asilimia 4 hadi 6 hivi, na dawa za jadi za India zimeutumia kwa karne nyingi. Usijitibu nao, kwa sababu kipimo hubadilika kutoka mbegu hadi mbegu. Lakini kwa mmea wenye jina baya kiasi hicho, hiyo ni medali ya kutosha.

8. Msanii mwenye sikio kali zaidi

Zebra finch ni ndege wa Australia wa gramu 15 hivi, na dume hurudia wimbo mmoja maisha yake yote. Mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha Cornell walimchezea rafu: akifika kwenye silabi fulani, spika inamtia kelele, asikie kana kwamba amekosea. Seli zake za dopamini zikashuka. Silabi ileile ikipita salama, zikapanda. Hakuna aliyempa punje. Ndege anajipa maksi mwenyewe, silabi kwa silabi.

Mwaka 2023 maabara hiyo ikaleta jike. Maksi za wimbo zikapungua mara moja, na seli zilezile zikaanza kuitikia sauti ya jike akijibu. Mazoezini anamsikiliza mwalimu wa muziki, lakini akija mchumba mwalimu anaweza kwenda nyumbani.

9. Mwaminifu kuliko wengi

Chini ya spishi 10 katika kila 100 za mamalia huishi dume mmoja na jike mmoja. Panya wa mbuga wa Amerika Kaskazini, mwenye uzito wa gramu 40 hivi, ni mmoja wao. Zuia vipokezi vya dopamini vya aina ya D2 katika eneo dogo la ubongo wake na hatashikamana na mwenza hata wakipandana. Viamshe, na atashikamana naye hata kabla ya kupandana.

Oksitosini, iliyobatizwa "homoni ya mapenzi", ilitarajiwa kushinda mchezo huu. Mwaka 2023 wakazaliwa panya wa aina hiyo wasio na kipokezi chake kabisa, na bado wakajenga ndoa. Ilikuwa kama kumtoa nahodha na timu ikashinda.

Rekodi ya mwisho ya panya huyu ilichapishwa Januari 2024 na Chuo Kikuu cha Colorado, Boulder. Akifungua mlango wa kumfikia mwenza, dopamini yake ilipanda kuliko akimwendea mgeni. Walipotenganishwa wiki nne, tofauti hiyo ilitoweka. Asiyekuwepo na lake halipo, na kwa panya huyu wiki nne zinatosha.

10. Familia kubwa zaidi ya mamalia chini ya ardhi

Kutoka ndoa ya wawili twende kwenye maisha ya kundi. Fuko wasio na manyoya wa Kenya, Ethiopia na Somalia wanaishi kwa makundi yanayoweza kufika 300, matatu 21 zilizojaa abiria, na malkia mmoja ndiye anayezaa. Mmoja aliishi maabara zaidi ya miaka 37, na panya wa kawaida akifika mitatu au minne amezeeka. Mwaka 2021 watafiti wa Berlin waligundua kwamba kila kundi lina lafudhi yake. Mtoto akihamishiwa kundi jingine anajifunza ya huko, na malkia akifa lafudhi inavurugika.

11. Cheo kilichoingia ndani zaidi

Katika Chuo Kikuu cha Wake Forest, Marekani, kima aina ya makaki waliishi kila mmoja peke yake, kisha wakawekwa wanne wanne. Katika kila kundi mmoja akatawala. Picha za ubongo zilizochapishwa mwaka 2002 zilionyesha kwamba kwa watawala kipimo cha vipokezi vya D2 kilipanda kwa zaidi ya asilimia 20, na kwa waliotawaliwa kilibaki palepale. Kabla ya kupangwa, bongo zao hazikuwa na tofauti hiyo: cheo ndicho kilichotangulia. Walipowekewa kokeini wajichukulie, wanyonge ndio walioizoea.

12. Daftari lililoandikwa muda mrefu zaidi

Kwa kufuatilia sokwe wa porini, Afrika Mashariki haina mpinzani. Jane Goodall alifika Gombe, Kigoma, tarehe 14 Julai 1960, na sokwe wa huko wameendelea kufuatiliwa hadi leo. Ndiko dunia ilikoona sokwe akivua mchwa kwa kijiti, ujuzi ambao watoto huuchukua kwa kumtazama mama.

Amboseli, Kenya, nyani wanafuatiliwa tangu 1971, wanajulikana mmoja mmoja na ukoo kwa ukoo. Mwaka 2016 daftari hilo lilitoa tarakimu nzito. Majike 196 walihesabiwa mikosi ya utotoni: ukame, kufiwa na mama, mama wa cheo cha chini, mama mpweke, msongamano wa kundi, mdogo aliyefuatia haraka. Waliopatwa na mitatu au zaidi walikufa miaka 10 mapema kuliko waliopatwa na mmoja au bila. Nyani jike anayefika miaka 25 ni mzee sana, kwa hiyo miaka 10 si senti za kudondoka.

Anayetaka kuvunja rekodi ya Gombe anaruhusiwa kuanza kesho asubuhi. Ajue tu kwamba wako mbele yake kwa zaidi ya miaka 60, na hawajasimama kumsubiri.